Dada, Nichukue Benzi Ipi?

Jumapili usiku mdogo wangu mmoja wa Tabata alinitumia picha tatu, na chini yake akaandika: "Dada, zote bei inakaribiana. Nichukue ipi?" Picha ya kwanza ni S350 ya 2008, nyeusi, imeng'arishwa mpaka mlango wake unafaa kuwa kioo cha kujipodolea. Ya pili ni E250 ya 2013, rangi ya fedha. Ya tatu ni C180 ya 2015, nyeupe. Zote ziko yadi moja, zimepangwa mstari mmoja, na bei zao zinapishana kidogo sana. Hakunificha kitu: moyo wake umelalia ile nyeusi.

Sikumjibu usiku ule. Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake. Wapo wadogo zangu wengine, wa kike na wa kiume, wanaosimama mbele ya mistari kama hiyo huku wamebana mfukoni akiba ya miaka, na anayewashauri ni mtu yule yule anayetaka kuwauzia.

Kwanza, hongera, mdogo wangu. Umeuza vitenge Kariakoo miaka tisa, umeamka alfajiri, umekopesha watu wakakukimbia na bado umesimama. Kutaka gari ambalo ukikaa ndani unahisi jasho lako limekwenda mahali si dhambi, na sitakuhubiria ununue gari dogo eti kwa unyenyekevu. Nchi zetu zilipopata uhuru, watu walitunga neno Wabenzi, kana kwamba wakubwa na matajiri waliopanda magari yenye nyota ile ni kabila jipya lililozaliwa katikati yetu. Leo muuza vitenge anaweza kuinunua nyota hiyo hiyo kwa pesa yake halali. Mimi nafurahi kuliona hilo. Nisichokitaka ni nyota hiyo ije kukulia mtaji.

Sasa tukae vizuri, tuzichambue.

Benzi zinasomwa kwa herufi. A ndiyo ndogo, halafu B, halafu C, halafu E, na S ndiyo mkubwa wa nyumba. Gari za juu, zile wengi tunaziita jipu hata kama si jipu, zinafuata mpangilio huo huo tangu kampuni ilipozibadilisha majina mwaka 2015: tazama herufi ya mwisho. GLA ni ndugu wa A, GLC ni ndugu wa C, GLE ni ndugu wa E, GLS ni ndugu wa S. Ndiyo maana utakuta ML na GLE zinafanana kama mapacha. Ni gari lile lile, jina tu lilibadilishwa. CLA na CLS ni zile zilizochongwa mgongo zikateremka nyuma kwa urembo, moja ya ukoo wa A, nyingine ya ukoo wa E. Ukishaijua alfabeti hii, hakuna wa kukuambia CLA ni sawa na C. Hazilingani. A, CLA na GLA huvutwa kwa tairi za mbele na zina gia boksi ya aina nyingine kabisa, yenye klachi mbili ndani. C, E na S husukumwa kwa tairi za nyuma, isipokuwa zenye neno 4MATIC, ambazo zinatumia zote nne.

Namba inayofuata herufi ndiyo inayowachanganya watu. Zamani ilikuwa ni ukubwa wa injini, 200 ikimaanisha lita mbili. Siku hizi namba inaonyesha daraja la nguvu tu. C180 ya 2015 ina cc 1,595. E250 ya kabla ya mwaka 2013 ina cc 1,796, na baada ya kubadilishwa sura mwaka huo ikawa na cc 1,991. S350 ya 2008 ina cc 3,498 na silinda sita. Ukitaka kujua E250 iliyo mbele yako ni ya kabla au baada, itazame usoni: ya kabla ina macho manne, taa mbili mbili zimetengana kila upande, ya baada kila upande una taa moja kubwa. Yadi inaweza kukuandikia mwaka wowote kwenye karatasi, ila uso wa gari haubadilishwi kwa kalamu.

Hizi cc si hesabu za kupita. Wewe unanunua gari ambalo limeshalipiwa kodi, lakini kwa yule anayeagiza mwenyewe Japani, hapa kwetu Tanzania ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 2,000. Tazama basi jinsi ile E250 ya lita mbili ilivyopita chini ya mstari kwa cc tisa tu. Umri nao unalipiwa: gari dogo likishafikisha miaka minane kuna tozo ya uchakavu juu yake, na likivuka kumi inaongezeka. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti Japani, weka modeli, mwaka na injini, uone jumla kwa macho yako. Ndugu zangu wa Kenya mna sheria kali zaidi: lililozidi miaka minane halishuki Mombasa kabisa, na la usukani wa kushoto nalo hivyo hivyo.

Turudi kwenye picha zako. Naanza na hiyo nyeusi, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi.

S ndiyo gari ambalo kampuni ile humwaga humo kila kitu inachokijua. Viti vyake, ukimya wake, mlango unaojivuta wenyewe ukiuegesha tu, vyote ni kweli, sikatai. Mwaka 2008 ilipokuwa mpya, aliyeinunua alikuwa mtu wa namna gani? Mkurugenzi wa kampuni, daktari mwenye hospitali yake. Bei yake ilikuwa ya mtu huyo, na matengenezo yake yalipangwa kwa mfuko wa mtu huyo. Miaka imepita, bei ya gari imeshuka mpaka imekufikia wewe hapo yadi. Lakini bei ya spea zake haikushuka nayo. Ukienda dukani Gerezani, muuza spea hakuulizi gari ulilinunua kwa shilingi ngapi. Anakuomba namba ya chasisi. Na chasisi inasema S.

Hapo ndipo S ya bei ya C inapowamaliza watu. Kwenye yadi zinalingana. Kwenye gereji hazilingani kamwe.

Nikuonyeshe kwa kitu kimoja tu: springi. C na E nyingi zimekaa juu ya springi za chuma, kama za gari lolote. S350 hiyo haina springi za chuma. Imekaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa, mfumo wanaouita AIRMATIC, na kuna kompresa ndogo inayoijaza. Zikiwa nzima, unapita tuta la Tabata Relini kama unapita juu ya godoro. Zikichoka, ni habari nyingine, na hiyo sikuisoma mahali. Imenikuta.

Niliwahi kuwa na ML350 yenye mifuko hiyo. Nilimuuliza aliyeniuzia, akaapa kwa watoto wake kwamba gari halina tatizo. Mwezi wa nne, masika yamekolea, natoka asubuhi nimewahi kumpeleka mtoto shule, nakuta gari limepiga magoti mbele kama ngamia anayesubiri mzigo. Nikawasha. Chini kukasikika mlio mwembamba, weee, ukaendelea, ukaendelea, na gari halikuinuka. Fundi wa kwanza akasema kompresa imekufa, tukafunga kompresa mpya. Miezi mitatu haikwisha, ikaungua nayo. Fundi wa pili, mzee mmoja mtulivu, hakugusa spana. Aliomba ndoo, maji na sabuni ya unga. Akachovya brashi akapaka mfuko wa mbele kulia, akaniita: "Mama, njoo uone." Kwenye mkunjo wa mpira povu lilikuwa linapumua, vipovu vidogo vidogo vinatoka na kupasuka. Mfuko ulikuwa unavuja tangu mwanzo. Kompresa ilikuwa inajaza hewa usiku na mchana mpaka ikajiunguza, na mimi nikaunguza ya pili kwa kutibu homa bila kutafuta malaria.

Kwa hiyo ukikutana na Benzi yoyote yenye mifuko ya hewa, iwe S, GLE au GLS, usiikague mchana tu ikiwa imeshawashwa. Waombe yadi ilale imezimwa. Jioni pima kwa mkono kutoka juu ya tairi hadi kwenye mdomo wa bodi, pembe zote nne; mimi hutumia shibiri na vidole. Asubuhi, kabla haijawashwa, pima tena. Iliyoshuka vidole vitatu usiku mmoja imeshakujibu. Yadi wakikataa isilale, wamekujibu pia.

Na si springi peke yake. Injini ile ya silinda sita ina maniifodi ya kuvutia hewa yenye vijikono vya plastiki ndani yake, na vijikono hivyo huvunjika kwa uzee. Dukani inauzwa maniifodi nzima, si kijikono. Mafuta yake kwenye foleni ya kutoka Tabata mpaka Posta nakuachia upige hesabu mwenyewe. Mdogo wangu, S iliyotunzwa na mtu mmoja, yenye kitabu cha sevisi kilichojaa mihuri, ni gari la ajabu, na anayelitaka anunue akiwa na pesa nyingine kama hiyo pembeni, imetulia benki. Wewe pesa nyingine ni mtaji wa mzigo wa mwezi wa kumi na mbili. Iache.

Sasa E. Hapa sitakuwa mkali, maana E naipenda. Ndiyo gari ambalo Ujerumani kwao limefanya kazi ya teksi miaka nenda rudi, na gari la teksi halidekezwi. Wazee wetu wenye zile za miaka ya themanini na tisini, za pembe pembe, bado wanazo, na fundi wa mtaani anazifungua kama sufuria. Ila usije ukachanganya vizazi. E ya 2002 hadi 2006 ilikuja na breki za umeme zilizoitwa SBC; pampu yake inahesabu mara ulizokanyaga breki, na ikifika idadi yake inawasha taa nyekundu na kutaka ibadilishwe. Kampuni yenyewe ilirudi kwenye breki za kawaida mwaka 2006. Mtu akikuletea E ya miaka hiyo kwa bei ya kutupa, sasa unajua kwa nini anaitupa.

Hiyo ya 2013 haina tatizo hilo. Nafasi ya nyuma ni ya kutosha, watoto wako wawili na mama yako wanakaa bila kugusana mabega. Ikiwa ni ya macho manne, injini ni ile ya cc 1,796, na hiyo ina ugonjwa wake unaojulikana na kila fundi wa Benzi: cheni ya taimingi hulegea na meno ya gia za juu huisha. Utausikia, lakini ni asubuhi tu, injini ikiwa baridi, sekunde chache za mwanzo. Ni mlio kama wa mtu anayetikisa kopo lenye misumari, halafu kimya. Ukifika yadi saa nne umekuta gari linanguruma taratibu, hutausikia, na ndiyo maana wanaliwasha kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Likiwa la moto, waambie utarudi kesho saa moja.

Kuna kingine kidogo cha injini hiyo. Mbele, juu, kuna visumaku viwili vyenye plagi za umeme. Visumaku hivyo huvujisha oili, na oili hutambaa ndani ya waya mpaka ifike kwenye kompyuta ya gari. Mwombe fundi wako achomoe plagi moja na kuifuta kwa tishu nyeupe. Tishu ikitoka safi, vizuri. Ikitoka na oili, bei inabidi ishuke sana, au uage kwa adabu.

C nayo. Wengi wanaiita Benzi ya kuanzia, wengine wanaidharau kidogo. Mimi nakwambia C180 ya 2015 ni gari la kizazi kipya kuliko vyote vitatu ulivyonitumia. Kizazi hicho kilianza 2014, na ndani utaona dashibodi ya kuteremka, skrini imesimama juu kama kibao. Injini ndogo, yenye tabo, farasi 156, na kwa mwendo wetu wa mjini ni wengi. Spea zake ziko nyingi kwa sababu magari yake ni mengi. Ukikosa mpya utapata ya mtumba, na ukikosa Gerezani utapata kwa mtu anayeifuata Nairobi, Kirinyaga Road. Upungufu wake ni nyuma. Mtu mrefu akikaa nyuma magoti yanamkaribia kidevu.

Lakini usidhani C zote zina springi za chuma. Kizazi hiki kilikuwa cha kwanza katika C kupewa AIRMATIC kwa aliyelipia. Itafute karibu na gia: ukiona kitufe chenye picha ya gari na mshale wa kuinua, basi hiyo ina mifuko, na yale ya ndoo na sabuni yanaihusu. Usibabaishwe pia na maandishi ya AMG pembeni. Nyingi ni bampa, rimu na mapambo tu, injini ni ile ile ya C180. Vibaya zaidi, mapambo hayo huja na gari lililoteremshwa na tairi la ukuta mfupi la inchi 18, na barabara ya vumbi ya nyumbani kwako haitaelewana nalo. Ukipata moja isiyo na mapambo, yenye rimu za inchi 16 au 17, chukua hiyo. Na angalia kama ina tairi la spea. Nyingi hazina, zimekuja na tairi zinazokwenda bila upepo, au kichupa cha gundi na pampu. Sasa fikiria uko Chalinze saa tatu usiku na ukuta wa tairi umechanika, una kichupa cha gundi mkononi.

Wale mnaoniuliza habari za A na GLA: ni nzuri kwa mtu mmoja au wawili, mjini, kwa mwendo wa polepole. Ila ile gia boksi ya klachi mbili haipendi foleni ya kusogea hatua moja moja huku umeachia achia breki, na foleni yetu ndiyo hiyo. GLC ni C iliyoinuliwa. Kama pesa inatosha na njia ya kwenu ina mashimo, ndiyo ningewashauri wengi. G, lile sanduku linalotengenezwa Graz, Austria, tangu 1979, liacheni kwanza. Bei yake haishuki kama za wengine, kwa hiyo lenye bei ya chini lina sababu. Na nyingi za dizeli zenye maandishi BlueTEC zina tangi la pili la maji ya AdBlue. Yakiisha kabisa, kompyuta inakataa gari lisiwake. Kabla ya kununua, hakikisha kuna mtu karibu nawe anayeuza hayo maji, si mtu wa "nitakuagizia".

Kuna watakaokuambia, wewe mwanamke utayajulia wapi mambo ya gereji. Wakikuambia hivyo, wakumbushe Bertha Benz. Mume wake, Karl, alipata hati ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, lakini watu walikuwa wakilitazama tu, hakuna anayenunua. Agosti 1888 Bertha aliwachukua wanawe wawili, bila kumwambia mume, akaliendesha kutoka Mannheim mpaka Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita mia kwa njia za mkokoteni. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipokwaruzika, aliufunga kwa utepe wa soksi. Mafuta alinunua duka la dawa mjini Wiesloch, kwa sababu kituo cha mafuta hakikuwapo popote duniani. Breki za mbao zilipolika, alimfuata fundi viatu akazipigilia ngozi. Na hilo jina Mercedes lenyewe ni la msichana, binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek. Basi usiingie gereji kwa kunong'ona. Uliza, na ukijibiwa uliza tena, na kipuri cha zamani kikitolewa kitie kwenye mfuko uondoke nacho.

Namba ya chasisi nimeitaja, ngoja niimalizie, maana ni kitu kidogo kinachookoa watu. Iko chini ya kioo cha mbele au kwenye nguzo ya mlango, herufi na tarakimu kumi na saba. Za magari haya matatu huanza na WDD. Tarakimu tatu zinazofuata ndizo kizazi cha gari: 205 ni hiyo C ya 2015, 212 ni hiyo E, 221 ni hiyo S. Ile ya kumi ukihesabu kutoka mwanzo inakuambia usukani: 1 ni wa kushoto, 2 ni wa kulia. Kama kwenye chasisi ni 1 na usukani uko kulia, kuna mtu amelipasua gari hilo na kuuhamisha usukani, na hutaki kuwa ndani yake siku ya ajali. Linganisha pia na kadi ya gari, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa kidole. Usiisome kwa macho ya haraka. Mimi humwita mtu wa pili anisomee huku mimi nafuatisha.

Kuhusu redio na ramani za Kijapani, usigombane na yadi. Gari la soko la Japani lina redio ya kuanzia 76, na sisi stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo zile za juu nyingi hutazipata mpaka uweke kifaa. Hilo ni dogo. Oili si dogo. Hakikisha kwenye dumu kumeandikwa namba ya idhini ya kampuni kwa injini yako, mara nyingi 229.5, na si kusimuliwa tu kwamba "hii ni ya Benzi". Na fungua mfuniko mdogo wa tangi la mafuta, ndani kuna kibandiko kinachosema petroli ya daraja gani. Injini ya tabo inayotaka ya juu ukiipa ya chini inagonga, na kugonga huko kunalipiwa baadaye.

Basi, mdogo wangu wa Tabata. Ningekuwa wewe, ningeipita nyeusi bila kugeuka nyuma. Kati ya E na C, ningeitaka E kama ingekuwa ya uso mpya, ina kitabu cha sevisi, na inawaka asubuhi bila kopo la misumari. Kwenye picha yako, taa ninazoziona ni za macho manne, na hukuniambia habari ya kitabu. Kwa hiyo jibu langu ni C180, hiyo nyeupe, ikiwa ina springi za chuma. Kitakachobaki kwenye bajeti yako usikimalize kwenye rimu. Siku ya kwanza peleka gari kwa fundi mwenye kompyuta ya kupima Benzi, badilisha oili ya injini, oili ya gia boksi pamoja na chujio lake, maji ya breki na betri, halafu anza kuhesabu kilomita zako mwenyewe.

Kitu kimoja tu kinanisumbua, na hicho siwezi kukijibu nikiwa hapa. Umesema mama yako anaumwa magoti, na kila mwezi unampeleka kliniki Muhimbili. C iko chini, na mlango wake wa nyuma si mpana. Kabla hujalipa, mchukue mama mpaka yadi. Mwache aingie nyuma mwenyewe, akae, halafu atoke bila wewe kumshika mkono. Akihangaika, mkalishe mbele, sogeza kiti nyuma, ajaribu tena. Huko nako akihangaika, nitumie ujumbe, tutafute GLC pamoja hata kama itabidi tusubiri mpaka vitenge vya sikukuu viuzwe.